Kivuli kilichopotea Wete, ndimu zilizogoma Bububu: majibu kuhusu kazi za mikono za watoto wa skuli

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: kazi imefanywa kama kitabu kilivyoelekeza, na bado imegoma. Mara nyingi kosa si la mtoto wala si la mwalimu. Kitabu kiliandikwa kwa jua la kwengine, au kimeruka kipimo kimoja tu ambacho ndicho chenye kazi yote. Tumezijibu sita.

Mwezi wa Oktoba darasa langu la tano tulisimamisha mti wa mita moja uwanjani tukachora saa ya jua kwa chokaa. Mchana kivuli kilipotea kabisa, na ilipofika Disemba alama zetu zilikuwa haziendi tena na saa ya mkononi. Tumekosea wapi? (Mwalimu, Wete)

Kupima hamkukosea, Mwalimu. Mmejenga saa isiyoweza kwenda katika visiwa hivi. Kivuli cha mti uliosimama wima hufuata saa ya siku na hufuata pia mwezi wa mwaka, na sisi tulio jirani na Ikweta ndio tunaoonewa zaidi. Wete iko kiasi cha nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kwenu mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 7 Machi na tarehe 6 Oktoba. Mjini Unguja, kwenye nyuzi 6, ni karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 8 Oktoba. Siku hizo kivuli cha asubuhi hulala magharibi, hufupika kikirudi kwenye mti, hupotea, kisha huchomoza mashariki. Alama zenu zote za Oktoba basi zilijipanga kwenye mstari mmoja. Disemba jua limehamia kusini, kivuli cha mchana kinalala kaskazini, na kwa mti wa mita moja kinafika kiasi cha sentimita 33. Juni mambo yanageuka: kivuli kinalala kusini, kiasi cha sentimita 54.

Mti huo msiung'oe. Kila Jumatatu wanafunzi wapige kigingi kwenye ncha ya kivuli kifupi kabisa cha siku. Baada ya mwaka watakuwa na safu ya vigingi inayovuka mti kutoka kaskazini hadi kusini, na hiyo ni kalenda. Ila si saa.

Kwa saa tafuteni bomba la plastiki la maji machafu, inchi 4, urefu wa sentimita 30. Fundi alipasue kwa msumeno wa chuma kwa urefu, katikati kabisa, mpate mifereji miwili inayolingana. Kazi hii asipewe mtoto, maana bomba huteleza na msumeno humalizikia kidoleni. Kutoka hapo yaliyobaki ni yao.

Wakate ukanda wa karatasi, waulaze ndani ya mfereji kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, wapunguze ziada. Utatoka na urefu wa sentimita 16 na kitu. Waukunje nusu, kisha nusu tena, wapate sehemu nne. Kila sehemu waigawe tatu. Sasa ziko 12, bila ya mtu kushika kipimapembe. Ukanda urudi ndani, alama zihamishiwe kwenye plastiki kwa kalamu ya wino usiofutika, na kila alama ivutwe mstari ulionyooka kwa urefu wote wa bomba.

Kisha uzi. Chelewa (njiti za ukuti wa mnazi) mbili nene zikingame kwenye ncha mbili za mfereji, zizamishwe katika vijino vilivyochongwa kwenye kingo, ili uzi utakaofungwa kutoka katikati ya chelewa moja hadi katikati ya nyengine ukae usawa wa kingo. Hapa ndipo saa nyingi zinapoharibika. Uzi ukiwa juu ya kingo kwa nusu sentimita, saa ya sita itakuwa sawa na saa ya tatu itakosea. Unene wake uwe kiasi cha milimita 2. Uzi wa cherehani kivuli chake hufifia, na uzi uliolegea hutupa kivuli kilichopinda.

Mfereji ulazwe kaskazini kwa kusini, na ncha ya kusini iinuliwe kidogo. Kwa Wete ni nyuzi 5, ambazo kwa bomba la sentimita 30 ni kuinua sentimita 2.6. Kwa mjini Unguja ni sentimita 3.1. Vitabu vya Ulaya vinasema muinue nyuzi 50, na mkivifuata mtapata pambo.

Jua linapochomoza, kivuli cha uzi kitaangukia ukingo wa magharibi. Andikeni hapo 12. Mstari unaofuata ni saa 1, kisha 2, na chini kabisa katikati ya mfereji ni 6. Ukingo wa mashariki ni 12 nyengine, ya jioni. Mtoto wa nchi nyengine huanza na 6, akafika 12, akarudi 1, akamalizia 6 tena. Wa kwetu anahesabu moja hadi kumi na mbili kama anavyosema mdomoni, kwani saa za Kiswahili zinaanza jua linapoanza.

Kaskazini msiitafute kwa simu. Dira ya simu hupotezwa na nondo zilizomo kwenye sakafu na bati lililo karibu. Tumieni ule mti wenu. Kiasi cha saa nne na nusu asubuhi chora duara kwa kamba, kitovu chake kiwe shina la mti na ukingo wake upite kwenye ncha ya kivuli. Pigeni kigingi hapo. Kivuli kitafupika kiingie ndani ya duara, kisha kirefuke. Kitakapougusa tena ukingo, kiasi cha saa nane na dakika kumi, pigeni kigingi cha pili. Mstari wa kuunganisha vigingi hivyo unakwenda mashariki na magharibi, na unaoukata kwa pembe mraba unakwenda kaskazini na kusini. Ardhi iwe sawa. Uwanja wenye mteremko utawapa kaskazini ya uongo, na kosa hilo halitaonekana mpaka saa yote imeshagandishwa kwa saruji.

Mtakapoilinganisha na saa ya mkononi, ya jua itakuwa nyuma. Msiiguse. Saa za Tanzania zimepangwa kwa jua la longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Wete haifiki 40. Kila uzi mmoja wa longitudo ni dakika 4, kwa hiyo kwa wastani jua linafika katikati kwenu saa sita na dakika 21. Nimesema kwa wastani kwa sababu mwendo wa dunia kulizunguka jua hauko sawasawa mwaka mzima: katikati ya Februari saa ya jua itachelewa kiasi cha dakika 35, na mwanzoni mwa Novemba dakika 5 tu. Wanafunzi waiandike tofauti hiyo kila wiki na waichoree grafu. Kama wanataka shahidi, anapatikana msikitini: wakati wa adhuhuri huingia jua likishapinduka, na ratiba ya sala iliyobandikwa ukutani itapanda na kushuka pamoja na grafu yao. Wakubwa kidogo wapime na alasiri, kivuli cha mti kinapolingana na urefu wake ukijumlisha kile kivuli cha zawali, yaani kile kifupi kabisa cha mchana. Sentimita 100 na 33 za Disemba, hizo ni 133.

Mwanangu wa darasa la nne ametakiwa awashe taa kwa ndimu. Tumechoma ndimu tatu kwa misumari na waya, balbu ya tochi haikuwaka hata kidogo. Ndimu zetu dhaifu? (Mama, Bububu)

Ndimu hazina neno, Mama. Balbu ndiyo isiyofaa. Balbu ya tochi ya zamani hutaka umeme wa miliampea 200 hadi 300, na ndimu moja haitoi hata miliampea 1. Ukizipanga ndimu mia moja kwa mstari utaongeza volti tu, wingi wa umeme utabaki ule ule, na balbu itaendelea kulala.

Nenda kwa fundi redio, mwambie akupe kitaa kidogo cha LED, chekundu. Chekundu khasa, kwa sababu huanza kuonesha uhai kwenye volti 1.8 hivi, cheupe na cha buluu hutaka karibu 3. Utahitaji pia ndimu nne, misumari minne ya mabati (ile yenye rangi ya fedha, iliyopakwa zinki), na vipande vinne vya waya wa shaba wa umeme wa nyumba, vilivyovuliwa plastiki, kila kimoja sentimita 5.

Mtoto azivingirishe ndimu mezani kwa kiganja mpaka zilainike, ndani maji yaachane na nyama. Kila ndimu ichomwe msumari mmoja na shaba moja, zikiachana sentimita 2 na zikizama sentimita 2 hivi. Zikigusana ndani, ndimu hiyo imekufa. Kisha kwa vipande vya waya aunganishe shaba ya ndimu ya kwanza na msumari wa ya pili, shaba ya pili na msumari wa ya tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Zitabaki ncha mbili zisizo na mwenzi: msumari upande mmoja, shaba upande wa pili. Mguu mrefu wa LED uende kwenye shaba, mfupi kwenye msumari. Ukigeuza haitawaka, ila haitaharibika.

Mwanga utakuwa mdogo. Mfunike kwa viganja au muingie chini ya meza, maana watu wengi wameshaifanya kazi hii ikafaulu wakadhani imeshindwa, kwa kuitazama uani saa saba mchana.

Isipowaka, omba mita ya umeme upime ndimu moja moja. Kila moja itoe kiasi cha volti 0.9. Inayotoa chini ya nusu ya hapo ina msumari wa chuma kitupu, au shaba iliyotoka kwenye mota. Waya wa mota umepakwa rangi isiyopitisha umeme, na kwa macho unaonekana ni shaba safi; ukwangue kwa msasa. Sababu ya tatu ni viungo vilivyosokotwa kizembe. Ndimu mbili zinatosha kuendesha kikokotoo kidogo cha betri moja, na watoto wengi hufurahia hilo kuliko taa.

Mwalimu wake akimuuliza umeme umetoka wapi, asijibu "kwenye ndimu". Unatoka kwenye zinki inayoliwa na asidi. Athibitishe mwenyewe: atoe msumari, achome shaba ya pili mahali pake, mita itashuka karibu na sufuri ingawa ndimu ni ile ile. Baadaye ajaribu birimbi, embe bichi na kiazi, aandike volti za kila kimoja. Ndimu zilizotumika zitupwe, zisikamuliwe kwenye mchuzi, zina zinki.

Watoto wa klabu yetu wametengeneza chujio la mkaa na mchanga ndani ya chupa, maji yametoka meupe. Wanaweza kunywa? (Mlezi wa klabu, Chake Chake)

Hapana. Chujio hili linazuia tope. Vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara vinapita, na maji ya kunywa yachemshwe kama kawaida. Liandikeni hilo juu ya chupa kabla ya siku ya maonesho, kwa sababu mgeni mmoja lazima atataka kuonja mbele ya watu.

Kama kazi ya darasani ni nzuri. Chupa ya lita 1.5 ikatwe kitako, ifungwe kitambaa mdomoni, igeuzwe. Kutoka chini kwenda juu: mkaa uliopondwa ukubwa wa punje za mchele sentimita 5, mchanga laini sentimita 8, mchanga wa chenga sentimita 5, kokoto sentimita 5. Mkaa usipooshwa mara tatu nne maji yatatoka meusi. Mchanga wa pwani una chumvi na vumbi la makombe. Wa shimo ni bora. Tope nalo lipimwe, kijiko kimoja cha udongo mwekundu kwa lita, la sivyo kundi moja litamcheka mwenzake kwa kosa la maji, si la chujio. Wapime dakika za kuchuja robo lita, kisha wapange tabaka kinyume, mchanga laini juu kabisa, waone unavyoziba.

Mwisho wapitishe maji ya bahari. Yatatoka maangavu. Tone moja likaushwe juani kwenye sahani nyeusi, na duara jeupe la chumvi litakalobaki litawaeleza wenyewe kwa nini hawatakiwi kunywa kitu kwa sababu tu kinang'aa.

Tiara za watoto wangu zinazunguka kama pia halafu zinajichoma chini. Mikia tumeshaongeza. Halafu mzazi mmoja ameniuliza kama tiara ni somo au ni mchezo. (Maalim, Makunduchi)

Tazama chelewa kwanza, Maalim. Chelewa ni nene upande wa shina na nyembamba kwenye ncha. Ukiikingamisha iwe mabawa ya tiara, bawa la ncha hulegea kwa upepo na bawa la shina hubaki gumu, na tiara hugeukia upande mmoja kutwa. Mkia hauponeshi hilo, unalichelewesha tu. Fungeni chelewa mbili pamoja, shina la moja kwenye ncha ya nyengine, hapo mabawa yatakuwa sawa kwa uzito na kwa ugumu. Uti wa kati nao uwe wa chelewa mbili.

Vipimo vinavyokwenda vizuri: uti sentimita 60, kikingamo sentimita 50, kifungwe sentimita 15 kutoka juu. Karatasi ya shashi au gazeti, gundi ya unga wa ngano kijiko kimoja kwa vijiko vitano vya maji, ipikwe hadi iwe nzito. Gundi ikizidi, tiara inakuwa nzito upande uliopakwa na mtoto mkarimu. Ikishakauka iegemezeni uti wake juu ya vidole viwili. Bawa linaloanguka ndilo zito, na bawa la pili libandikwe kipande cha karatasi ncha yake.

Uzi wa kuongozea ufungwe juu na chini ya uti, urefu wa sentimita 81 bila ya mafundo, kiasi kwamba ukiuvuta pembeni kitanzi chake kinafika kwenye ncha ya bawa. Hapo kwenye ncha ya bawa ndipo fundo la kamba kubwa linapoanzia. Baada ya hapo ni kusogeza sentimita moja moja: tiara ikivuta sana bila ya kupanda, fundo lipande juu, ikielea kizembe na kupigapiga bila ya kuvuta, lishuke. Mkia mita 3 unatosha. Kamba iwe uzi wa pamba wa kufumia. Mshipi wa nailoni hukata vidole, na ukikingama barabarani hukata shingo za wapanda pikipiki. Mbali na nyaya za umeme, hili halina mjadala, na tiara iliyonasa kwenye waya imeshapotea. Upepo wa kusi, Juni hadi Septemba, ndio mtulivu wa kujifunzia. Masika achaneni nayo.

Mzazi wako mjibu kwa kumuonesha daftari la darasa la sita. Kamba inatiwa fundo kila mita 5. Tiara ikitulia, mtoto mmoja anashika kipimapembe chenye uzi wa jiwe na kuchungulia kwenye ukingo wake, mwengine anahesabu mafundo yaliyotoka. Kamba mita 30, pembe nyuzi 45: wanachora pembetatu kwa skeli, sentimita 1 kwa mita 3, wanapima wima kwa rula, wanapata kiasi cha mita 21. Urefu wa kweli ni pungufu kidogo ya huo, kwani kamba hubonyea kwa uzito wake, na kila darasa huwa na mtoto mmoja anayeliona hilo kabla ya kuambiwa.

Nina wanafunzi 68 katika chumba kimoja na vipindi vya dakika 40. Haya yote yanawezekana kweli? (Mwalimu, Mkokotoni)

Yote, hapana. Moja kwa muhula, ndiyo. Makundi ya watu sita au saba, si kumi, maana kutoka wa nane kuendelea ni watazamaji. Kila mtoto apewe kazi kwa jina: mshika rula, mkataji, mwandishi, mleta vifaa, mkaguzi, na mmoja wa kueleza mwishoni. Kazi zizunguke, la sivyo mkataji atakuwa yule yule na mwandishi atakuwa msichana siku zote.

Kipindi kinaliwa na kugawa vifaa. Vigawe kabla, kila kundi kifurushi chake ndani ya pakacha au boksi, na mkaguzi avihesabu mbele na nyuma. Kipindi cha kwanza wajenge, cha pili wapime, cha tatu wasahihishe. Walimu wengi hukata hicho cha tatu kwa sababu maonesho yamekaribia, nacho ndicho kinachomjulisha mtoto kwa nini chake kilianguka. Gharama? Kwa ndimu, tengeneza seti tatu tu, makundi yapokezane huku wengine wakichora mzunguko wa umeme daftarini.

Wajukuu wako likizo na pesa ya kununua vifaa sina. Hapa pwani kuna kazi gani ya maana wanaweza kufanya? (Bibi, Jambiani)

Shikamoo Bibi. Vifaa unavyo mlangoni, na wewe ndiye unayejua nusu ya majibu. Wapime maji.

Vitabu husema simika fimbo yenye alama baharini usome maji. Kwenu haifai. Bamvua (maji makubwa ya mwandamo na ya mpevu) likitoka, maji yanakimbilia mwambani na fimbo inabaki juu ya mchanga mkavu, kaa wanaizunguka. Wapime mstari ambao maji kujaa yanauacha pwani, ule wa majani ya mwani, vifuu na taka. Wachague mnazi mmoja usiohamishika, wafunge kamba yenye fundo kila nusu mita, na kila asubuhi wapime kutoka kwenye mnazi hadi kwenye mstari mpya kabisa, yaani ule wenye mwani ambao bado umelowa. Hawahitaji kuwapo maji yanapojaa, wala kukosa chuoni.

Daftarini safu nne: tarehe ya mwezi wa kuandama, umbali kutoka kwenye mnazi, saa maji yalipokupwa kabisa, na upepo. Umbali ukipungua, maji yamepanda zaidi. Mwezi ukienda kwenye mwandamo au kwenye mpevu, kila maji mapya yatafuta mstari wa jana. Bamvua likishapita, mistari itaanza kubaki mmoja chini ya mwengine kama ngazi, na watoto wataweza kusoma siku nne tano zilizopita kwa mara moja. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua kubwa kwetu hufika kiasi cha mita 4. Kwa maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua mbili, ni kiasi cha mita moja hivi.

Saa nazo zina mpango wake. Siku za bamvua maji hukupwa kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi, ndiyo maana kina mama wa mwani huonekana mashambani mwao wakati huo, na hujaa kiasi cha saa kumi, ya alfajiri na ya jioni. Kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja saa ya kupwa imekuwa saa ya kujaa. Mjukuu mkubwa akishakusanya siku kumi, mwambie abashiri saa ya kupwa ya siku ya kumi na nne, aandike kwenye karatasi, akukabidhi wewe uifiche kwenye kanga mpaka siku hiyo ifike. Akikosea kwa dakika 20 amefanya vizuri, kwani zile 50 ni wastani: karibu na bamvua huchelewa pungufu ya hapo, karibu na maji mafu huzidi.

Makosa mawili yatatokea. La kwanza, mtoto atapima mpaka kwenye mstari mkubwa unaoonekana vizuri, ambao ni wa bamvua la wiki iliyopita na umeshakauka. Aushike kwa mkono kwanza. La pili, siku ya kusi kali mawimbi husukuma mwani juu kuliko maji yenyewe yalipofika, na umbali wa siku hiyo utaruka. Wasiufute. Waweke alama ya K pembeni, na kwenye grafu nukta hiyo ipigwe duara.

Wasiende mwambani peke yao. Maji ya kujaa kwenu hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma ya mtu, na anayetazama mbele hushtuka ameshazungukwa. Daftari liwe la karatasi za mraba, na waandike kwa penseli. Wino wa kalamu ukipata tone moja la maji ya chumvi unatambaa, na tarehe ndiyo inayopotea kwanza.